Siku Niliyomtazama Mkwe Usoni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, someni polepole, maana mimi pia nimeandika polepole. Shule niliacha darasa la nne, na mkono wangu umezoea jembe na ungo kuliko kalamu. Mwenye kucheka mwandiko acheke sasa amalize, halafu anyamaze asome. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu mmetawanyika. Wengine mko Busia ya huku, wengine Busia ya Kenya, na wengine baba yao ni Mjapadhola wa Tororo, ukimsemesha Kisamia anakutazama kama mbuzi anatazama mvua. Kiswahili sote tulikikuta sokoni. Hakina mwenyewe, basi tutumie hicho.

Nataka kuwaeleza habari ya mkwe, kwa sababu naona mnalichezea jambo hili. Juzi nimemkuta mmoja wenu amekaa benchi moja na mama mkwe wake, wanaangalia picha kwenye simu, mabega yanagongana. Nilipita tu, sikusema kitu. Leo nasema.

Kwetu, mwanamume aliyeoa binti yako hamtazamani usoni. Ukimwona anakuja njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hamshikani mikono, hamli pamoja, na hamlali chini ya paa moja hata mvua inyeshe ya mawe. Hiyo siyo chuki. Ni njia ya kumwambia mtu: nimekupa kitu kikubwa, basi tukae mbali ili tusikiharibu. Iko njia ya kulegeza, mbuzi huletwa na wazee hukaa, lakini inataka muda na inataka mkwe mwenyewe awe karibu. Mkwe wangu wa kwanza alikufa kabla ya hayo. Nilimlilia sana, na mpaka leo sijui macho yake yalikuwaje.

Sasa kitinda mimba wangu akaolewa na Mjapadhola wa upande wa Tororo, mtu mpole, fundi wa magari, na wakaenda Japani. Yeye anafanya kazi kwenye yadi ya kufungua magari makuukuu. Japani nilikuwa naijua kwa magari tu. Kila siku tunayaona hapa yakivuka mpaka, maandishi yao bado yamebandikwa kwenye kioo. Nilidhani ni mahali magari yanapozaliwa, basi. Sikufikiri kuna watu huko wanaopika, wanaofua, na wanaozozana juu ya taka.

Binti alininunulia simu kubwa ili tuonane. Hapo ndipo wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, alipoingia. Huyu ndiye mlinzi wa mila zote za boma letu, hata zile ambazo wenye mila wamezisahau. Akaishika ile simu, akaigeuza huku na huku.

"Hii ni dirisha," akasema.

"Ni simu, wifi."

"Ni dirisha. Mtu anaona mtu. Na mkwe hachunguliwi kwa dirisha. Ukimwona, utatetemeka mikono mpaka kikombe kikushinde. Na mtoto atakayezaliwa atatetemeka."

Tukakubaliana hivi: mkwe akiingia chumbani mwao akohoe, na binti ageuze simu ukutani. Kijana alifuata hilo kuliko askari. Muda wote ule nilimjua kwa kikohozi chake, na mara moja moja kwa soksi zake zikipita chini ya meza.

Mimi nauza mukene, wale samaki wadogo wa kukausha wanaotoka Majanji. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, wanawaita omena, wengine dagaa, samaki ni wale wale. Binti alikuwa ananipigia niko kwenye meza yangu sokoni, saa tano asubuhi. Kwao wakati huo jua linashuka, na kuna vipaza sauti juu ya nguzo vinavyopiga muziki mtaa mzima, kuwaambia watoto waache kucheza warudi nyumbani. Nikisikia ule muziki ukitoka kwenye samaki wangu, wateja wanauliza, "Mama, ni kanisa gani hilo?"

Alinionyesha mengi. Alinionyesha pale ndani ya mlango wao ambapo viatu vinaachwa vimetazama mlango, kama vinataka kuondoka vyenyewe. Alinionyesha ukumbi wa mtaa ambapo kila Jumapili wageni wanakutana: Wafilipino, Wanepali, Wabrazili, na wazee wa Kijapani waliostaafu wanaowafundisha lugha bure, na kuwapa chai isiyo na sukari. Siku moja ililetwa lori yenye chumba nyuma. Wageni wanapanda wanne wanne, wanakaa mezani, kisha lori inatikiswa ili wajifunze kujificha chini ya meza, maana ardhi ya huko hutikisika. Binti alipanda akiwa na mimba changa, wakamteremsha haraka wakiinama na kuomba radhi, naye anacheka mpaka anashika ubavu. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mkumbuke hilo nikiendelea.

Na alinionyesha taka. Wallahi, sijaona watu wenye sheria ya taka kama wale. Jumanne na Ijumaa ni taka za kuchomwa. Chupa zina siku yake, makopo yana siku yake, na mfuko lazima uonyeshe kilicho ndani. Hutoi usiku, unatoa asubuhi, na juu yake kuna wavu kwa sababu ya kunguru. Msimamizi wa wavu alikuwa mama mmoja mzee anayekaa ghorofa ya chini yao. Mwanzoni kabisa binti alichanganya mifupa na makopo. Yule mama akaupandisha mfuko mpaka mlangoni kwa binti, akauweka hapo, akashuka bila neno.

Binti alilia kwenye simu. "Mama, ananichukia. Kwa sababu mimi ni mgeni."

"Mwenye haki ni yeye," nikamwambia. "Ungetupa hivyo hapa kwangu ningekurudishia kichwani."

Basi hawakusemezana tena. Wakikutana kwenye ngazi, kila mmoja anatazama viatu vyake. Nilipomweleza wifi, alifurahi. "Ona," akasema, "hata huko wana adabu."

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima. Tulichinja jogoo hapa Masinya na kule Tororo nasikia walikunywa pombe siku nzima. Nilitaka kwenda kumlea mzazi, kama kila mama anavyofanya, lakini wifi akauliza: "Utalala wapi? Nyumba ni vyumba viwili. Utalala chini ya paa la mkwe?" Na kweli, ningelala wapi? Nikakaa.

Kuanzia hapo simu ikabadilika. Binti alikuwa ananionyesha mtoto tu. Simu inamtazama mtoto, yeye yuko nyuma ya simu, sauti yake kama imetoka kwenye mtungi. "Niko sawa, Mama." Wifi alisema anapumzika, mwache. Lakini mimi nimezaa, na nimewapokea wajukuu wengi. Mzazi aliyepumzika analalamika. Anasema mgongo, anasema maziwa, anasema mume hajui kitu. Huyu hakulalamika hata kidogo.

Halafu nikaona mifuko. Nyuma ya kichwa cha mtoto, pembeni, mfuko mmoja wa taka. Baadaye miwili. Baadaye ilikuwa imepandana mpaka kwenye dirisha.

"Leo si Ijumaa?" nikauliza. "Mbona taka ziko ndani?"

"Nimechoka tu. Baba yake atatoa."

"Baba yake anatoka nyumbani kabla ya saa ya taka. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

Kabla hajasema lingine nikasikia mtu anabisha mlango. Binti hakusogea. Niliona hata kivuli chake ukutani kimeganda.

"Nani huyo?"

"Muuguzi wa manispaa," akanong'ona. "Wanapita kwa kila mtoto mchanga. Atarudi."

"Mfungulie."

"Mama, nyumba ni chafu. Ataona. Watasema mgeni hajui kulea, watamchukua mtoto wangu."

Akakata. Muuguzi aliporudi siku nyingine, nilisikia kwenye simu hodi ile ile, na mlango ule ule haukufunguliwa. Nilianza kukosa usingizi. Wapi nitapita? Binti anasema yuko sawa. Mtu pekee anayeona kila kitu ndani ya nyumba ile ni mtu nisiyeruhusiwa kumwona.

Ilikuwa siku ya soko, jua limepanda, niko na meza imejaa mukene. Wifi alikuwa ameketi pembeni yangu kama kawaida yake, hauzi kitu, anakaa kuangalia nani amepita na nani. Simu ikalia. Nikaifungua, na pale palipokuwa pakionekana mtoto pakaonekana mwanamume mwenye ndevu.

Niliibwaga simu kifudifudi ndani ya samaki. Wifi alijifunika uso kwa mtandio.

"Mama, usikate," sauti ikasema kutoka chini ya mukene. "Najua ni mwiko. Nisamehe. Hii mambo imenishinda."

"Kata!" wifi akasema. "Kata hiyo kitu, unangoja nini?"

"Mama, binti yako hali. Hasemi. Mtoto analia, yeye anamtazama tu kama analia mtoto wa jirani. Leo nimerudi mchana, nimekuta mtoto amelowa toka asubuhi, sauti imemkauka. Kesho wananitaka kazini. Mama, naogopa kuwaacha hao wawili peke yao."

Nawaambia, mkono wangu haukusubiri kichwa. Niliigeuza simu, nikapangusa magamba, nikamtazama mkwe wangu usoni. Ana macho madogo yaliyoingia ndani, na kovu limekata nyusi moja. Alipoona namtazama, akainamisha kichwa.

"Inua uso," nikamwambia. "Nikiongea na mtu nataka kumwona. Uko wapi?"

"Kwenye ngazi, nje ya mlango. Sitaki anisikie."

"Mama yako umemwambia?"

"Amesema nimlete nyumbani. Nitamletaje, Mama? Kuvaa viatu tu hawezi."

Nilifikiri. Mimi niko Busia, yeye yuko mwisho wa dunia. Mkono wangu haufiki huko. "Chini yenu anakaa nani?"

Akasita. "Yule mama wa taka."

"Mpigie hodi."

"Mama, huyo hatusemi naye. Toka ule mfuko hatusemi naye."

"Na mimi na wewe," nikasema, "tulikuwa tunasema lini?"

Nikasikia miguu ya mkwe ikishuka ngazi.

Mlango ulifunguliwa kidogo, kama upana wa kiganja. Mama mzee, nywele nyeupe zimekatwa fupi, amevaa aproni. Mkwe alisema maneno ya Kijapani, machache, yanajikwaa. Yule mama alimtazama hakuelewa, au alielewa akashindwa kuamini. Mkwe akachoka, akageuza simu, akanionyesha mimi.

Nikainama, kwa sababu nilikuwa nimemwona binti akiinama. Naye akainama. Nikanyoosha kidole juu. Nikapakata mikono mitupu kama napakata mtoto. Nikapeleka vidole mdomoni, nikatikisa kichwa: hali. Wateja wangu walikuwa wamesimama wananitazama nikicheza ngoma ya mabubu.

Yule mama hakutazama mikono yangu. Alikuwa anatazama meza yangu. Akamuuliza mkwe kitu.

"Anauliza, hao ni samaki gani?"

Nilikasirika mpaka masikio yakapiga kelele. "Mwambie leo siuzi samaki!"

Lakini alikuwa ameshaingia ndani. Akarudi na mfuko, akachukua kitu akakiweka kiganjani, akakisogeza karibu na simu. Samaki mdogo mkavu, kichwa na mkia, rangi ya fedha tupu. Ndugu wa mukene, ila amenenepa kidogo.

Mkwe alisikiliza, kisha sauti yake ikabadilika. "Anasema wao wanawachemshia supu. Anasema zamani harufu ya samaki wenu ilikuwa inashuka kwake jioni, wakati wa ule muziki. Alikuwa anaipenda. Halafu ikakoma. Anasema amekuwa akijiuliza kwa nini huko juu hawapiki tena."

Mukene nilikuwa nampelekea binti mimi mwenyewe, kwa mizigo ya watu. Basi mimi niliona mifuko, na yule alisikia harufu imepotea. Wazee wawili tulikuwa tunachunga nyumba moja, kila mmoja kwa upande wake, na hakuna aliyepiga hodi, kwa sababu ya adabu.

Alipanda. Mkwe alinishika mkononi hivyo hivyo, naona ngazi, naona dari, naona mlango. Ndani palikuwa na giza la mapazia. Binti alikuwa ameketi sakafuni ameegemea ukuta. Alipomwona yule mama alifunika uso kwa viganja. Yule mama alipita katikati ya mifuko bila kuigeuzia macho, mwenye wavu mwenyewe, akapiga magoti, akamchukua mtoto. Akaanza kumfungua nguo zilizolowa. Alisema neno moja tu.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema, umefanya kazi kubwa," mkwe akajibu. Na binti akaanza kulia kwa sauti. Mimi niliposikia kilio hicho nilishukuru Mungu, maana mtu anayelia bado yupo.

Hapo ndipo taa yao ilipoanza kuyumba. Kwanza taa, halafu vikombe vikalia kabatini, halafu simu yenyewe ikacheza mkononi mwa mkwe.

"Nilisema!" wifi akapiga kelele, soko zima likageuka. "Kutetemeka hiyo! Nilisema mimi!"

"Mama, hii ni ya kawaida," mkwe akasema. "Inapita."

Yule mama wa Kijapani hakusimama hata. Alimfunika mtoto kwa mwili wake, akasubiri, taa ikatulia, akaendelea kufunga nepi. Wifi yangu alikuwa ameshasimama, viatu mkononi, tayari kukimbia kutoka Busia kwa sababu ya ardhi ya Japani.

Yule mama ndiye aliyempigia muuguzi wa manispaa, na safari hii mlango ukafunguliwa. Hakuna aliyemchukua mtoto. Walimchukua binti pamoja na mtoto wake, wakawapeleka kwenye nyumba ya kupumzishia wazazi, ambako mzazi analala, na wauguzi wanamsaidia kunyonyesha, na daktari wa mambo ya moyo na mawazo anakuja kukaa naye. Mimi sikujua kama ugonjwa huo una daktari. Kwetu mzazi akiwa hivyo tunasema amerogwa, au ni mvivu. Nimewasikia wanawake wengi wakiitwa wavivu.

Mifuko yote yule mama aliitoa mwenyewe, kila mmoja kwa siku yake. Hakurudisha hata mmoja. Na wale wa ukumbi wa Jumapili walipopata habari walikuja zamu kwa zamu. Mfilipino mmoja alifua nguo zote mpaka kamba ya nje ikalegea. Mnepali mmoja alipeleka mafuta ya kumkanda mtoto, na mkwe alishangaa nilipomwambia hata sisi tunakanda hivyo.

Na mimi na mkwe tukawa tunasema kila siku, muziki wao ukianza. Nilimfundisha kupika uji usioshika chini. Nilimfundisha kutia mukene maji ya moto kwanza ili uchungu utoke, kisha nyanya, kisha moto mdogo. "Koroga, usipige," nilimwambia, "hujashika injini." Akacheka, na nikaona ana jino moja limekaa juu ya jingine. Nilifikiri: kumbe huyu ni mtoto wa watu.

Wifi aliita wazee. Walikaa kwangu, na mzee wa ukoo akaniuliza mbele ya wote, "Ni kweli umemwona mkwe usoni?"

"Nimemwona."

"Macho kwa macho?"

"Macho kwa macho. Na alikuwa hajanyoa."

Watu walicheka, wifi hakucheka. Wakasema watu wa Tororo walete mbuzi kwa niaba ya mkwe aliye mbali, na mbuzi akaletwa, dume jeusi lenye kiburi, akachinjwa. Sikupinga. Msije mkasema bibi yenu alivunja mila. Mila ni kama wavu wa yule mama, unazuia kunguru. Lakini mtu akiwa chini ya wavu, anauinua.

Mngependa niwaambie kwamba binti alipona, yakaisha. Sitawadanganya. Alirudi nyumbani kwake. Ilipofika sikukuu ya wageni, ambapo kila nchi inapika chakula chake nje ya ule ukumbi, alisimama kwenye meza akikaanga chapati za mayai kama zinavyokaangwa hapa barabarani. Mkwe ameshika simu, yule mama mzee amempakata mtoto. Mkono wa binti ulikuwa umekonda, lakini chapati zilizunguka vizuri. Mtoto mmoja wa Kijapani aliangusha chapati yake, akaitazama chini kama ameangusha mwezi, na binti akacheka. Mara moja. Halafu akasema, "Mama, nimechoka," wakampeleka kukaa ndani.

Ziko wiki anaposhika simu yeye, na ziko wiki anaposhika mkwe. Nikimwambia aje nyumbani anasema hapana, watu watauliza ameleta nini. Na kweli watauliza. Na siku hizi nikishika kikombe, chai inacheza kidogo. Wifi anaona. Anatazama kikombe, ananitazama mimi. Mimi nasema ni uzee.

Mwezi huu nilikuwa shambani napalilia muhogo, simu nimeiacha nyumbani. Mke wa mwanangu alikuwa uani. Simu ikalia, akaona uso wa mkwe. Akaona haya, mtoto wa watu, akidhani yule mbuzi alinifungulia mimi tu, akaichukua kwa kitambaa akaificha chini ya mto. Ikalia tena. Ikalia tena. Walikuwepo watu wazima na wanafunzi wa chuo, wote wakisikia mto unalia, hakuna aliyeugusa.

Niliporudi nikamkuta mkwe kwenye simu hana pumzi. Binti alikuwa ametoka na mtoto mgongoni, giza linaingia, hajulikani alipo. Alitaka kuniuliza mimi, mama yake, angekwenda wapi. Nilimwambia bila kufikiri: ukumbini. Lakini wakati huo yule mama mzee alikuwa ameshamfikia. Alikutwa ameketi kwenye ngazi za ule ukumbi, mtoto amelala mgongoni, anasubiri mlango ufunguliwe. Haikuwa Jumapili.

Alikuwa salama. Nilisikia mwenyewe akihema. Lakini muda wote ule jibu lilikuwa shambani kwangu na swali lilikuwa chini ya mto.

Niliwaita wote uani, wakubwa kwa wadogo, wifi naye nikamwekea kiti cha mbele. Nikaiweka simu juu ya meza, uso juu, nikasema:

"Simu hii haifunikwi tena. Akipiga mkwe wangu, aliye karibu ajibu, amtazame usoni, amsalimu vizuri, halafu aniletee mbio. Shambani, kanisani, hata chooni. Mwenye kuona haya afumbe macho, lakini ajibu."